Feni za kompyuta: Namna ya kupata upepo mwingi bila makelele

FENI ni miongoni mwa vifaa vya bei ya chini kabisa ndani ya kompyuta ya mezani. Hata hivyo, ndiyo inayoamua iwapo mashine hiyo itafanya kazi kwa utulivu au itanguruma mithili ya kinu cha posho kuanzia asubuhi hadi jioni.

Athari za feni mbovu haziishii masikioni. Joto lisipoondolewa, prosesa hujipunguzia kasi ili isiungue, na hali ikizidi kompyuta huzimika ghafla. Mhasibu hupoteza hesabu za siku nzima, mwanafunzi hupoteza tasnifu ambayo hakuwa ameihifadhi, naye mwenye saiba hupoteza wateja. Kwa mtayarishaji wa vipindi vya redio, hata feni nzima inayopiga kelele ni hasara, kwa sababu mvumo wake hunaswa na kipaza sauti.

Wanunuzi wengi hudhani kwamba sharti wachague kimoja kati ya viwili: upepo mwingi au utulivu. Dhana hiyo si sahihi. Anayeelewa maana ya tarakimu zilizoandikwa kwenye kasha la feni anaweza kuvipata vyote viwili, na aghalabu bila kutumia fedha nyingi.

Joto hutoka wapi?

Takriban umeme wote unaoingia katika kompyuta hugeuka kuwa joto. Prosesa za kwanza za Pentium, zilizotolewa na kampuni ya Intel mwaka 1993, zilitumia takriban wati 15. Prosesa ya Core i9-13900K ya kampuni iyo hiyo, iliyotolewa mwaka 2022, inaweza kufikia wati 253 inapofanya kazi kwa nguvu zake zote. Baadhi ya kadi za michoro hupita wati 300.

Prosesa nyingi za Intel huanza kujipunguzia kasi zinapofikia nyuzi 100 za Selsiasi. Nyingi za familia ya Ryzen 7000 za kampuni ya AMD zimewekewa kikomo cha nyuzi 95. Mtumiaji huenda asione onyo lolote kwenye skrini. Ataona tu kwamba kazi iliyokuwa ikichukua dakika kumi sasa inachukua ishirini.

Ndani ya kompyuta, feni zina majukumu mawili tofauti. Kuna feni inayopuliza kwenye bamba la chuma lenye mapezi lililoketi juu ya prosesa, na kuna feni za kasha ambazo huingiza hewa baridi na kutoa hewa moto. Jukumu moja likizembewa, jingine halifui dafu. Feni ya prosesa, hata ikiwa bora namna gani, haiwezi kupoza chochote ikiwa inazungusha hewa ile ile iliyokwisha kupata moto.

Kiasi cha hewa kinachohitajika kinaweza kukadiriwa. Kompyuta inayotoa wati 300 za joto, ikiwa katika mwinuko wa usawa wa bahari, huhitaji takriban mita 90 za ujazo za hewa kila saa ili hewa inayotoka isizidi ile inayoingia kwa zaidi ya nyuzi 10.

Jijini Nairobi, ambako mwinuko ni takriban mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 18 ikilinganishwa na ya Mombasa yenye joto sawa. Kwa hivyo kompyuta iyo hiyo ikiwa Nairobi itahitaji karibu mita 110 za ujazo kila saa. Maeneo yaliyo juu zaidi, kama vile Eldoret, huhitaji zaidi ya hapo.

Mombasa nayo ina tatizo lake. Feni haiwezi kushusha joto la kifaa chini ya joto la chumba. Chumba kikiwa na nyuzi 32 badala ya 22, karibu kila kitu ndani ya kasha hupanda kwa nyuzi kumi vilevile. Anayeishi pwani hana budi kujiachia nafasi kubwa zaidi ya usalama anapochagua feni.

Safisha kwanza

Kabla ya kununua feni mpya, ni busara kuchunguza iwapo ile ya zamani ina kosa. Mara nyingi kelele huanza baada ya vumbi kuziba mapezi ya bamba la prosesa. Kompyuta ikihisi joto limepanda, huiamuru feni izunguke kwa kasi zaidi. Mwenye mashine husikia kelele na kuilaumu feni, ilhali mkosa ni vumbi.

Mashine izimwe, ichomolewe kwenye umeme, kisha vumbi lipulizwe kwa bloa au lipanguswe kwa brashi laini. Mapanga ya feni yashikwe kwa kidole yasizunguke wakati wa kupulizwa, kwa kuwa yakizungushwa kupita kiasi yanaweza kuharibu beringi. Pawasaplai isifunguliwe na asiye fundi. Ndani yake mna vifaa vinavyohifadhi umeme hatari hata baada ya kuchomolewa.

Katika mashine iliyotumika kwa miaka kadhaa, pesti ya kupitisha joto iliyo kati ya prosesa na bamba lake huwa imekauka. Kuibadilisha ni kazi ya dakika chache ambayo inaweza kushusha joto, na pamoja nalo kelele, bila kununua feni yoyote.

Ukubwa na kasi

Feni za kasha hupimwa kwa milimita kutoka ukingo hadi ukingo. Zilizozoeleka ni za milimita 80, 92, 120 na 140, na unene wa kawaida ni milimita 25. Mnunuzi apime pia umbali kati ya matundu ya skrubu: milimita 71.5 kwa feni ya 80, milimita 82.5 kwa ya 92, milimita 105 kwa ya 120, na milimita 124.5 kwa ya 140. Kipimo hiki kikikosewa, feni haitaingia hata ikiwa bora kiasi gani.

Kanuni ya kwanza ya utulivu ni kuchagua feni kubwa kuliko zote ambazo kasha linaweza kuzibeba. Feni ya milimita 120 ina eneo mara 2.25 la feni ya milimita 80. Ile ya 140 inaizidi ya 120 kwa takriban asilimia 36. Feni kubwa husukuma hewa ile ile kwa mizunguko michache, na mizunguko ikipungua kelele hupungua.

Uhusiano kati ya kasi na kelele unastahili kuzingatiwa kwa makini. Kasi ya feni ikipunguzwa kwa nusu, kiasi cha upepo hupungua kwa nusu, msukumo wake hubakia robo, na umeme inaotumia hubakia thumni. Kelele, kwa makadirio ya wahandisi, hupungua kwa desibeli 15 hivi.

Kwa upande mwingine, kuongeza feni ya pili inayofanana na ya kwanza huongeza desibeli tatu pekee. Ndiposa feni tatu zinazozunguka mara 1,000 kwa dakika hutoa upepo sawa na feni mbili za mizunguko 1,500, ilhali kelele zake ni chini kwa takriban desibeli saba. Anayetafuta utulivu asiogope kuongeza feni. Aogope kuongeza kasi.

Upepo mwingi au msukumo mkubwa?

Kwenye kasha la feni huandikwa vipimo viwili ambavyo wengi huvichanganya. Cha kwanza ni kiasi cha hewa, ambacho huandikwa kwa mita za ujazo kwa saa au kwa futi za ujazo kwa dakika, yaani CFM. CFM moja ni sawa na mita 1.7 za ujazo kwa saa. Cha pili ni msukumo, unaoandikwa kwa herufi mmH2O.

Kiasi cha hewa hupimwa feni ikiwa mahali pa wazi, pasipo kizuizi. Lakini ndani ya kompyuta vizuizi ni vingi: chujio la vumbi, wavu wa chuma, mapezi ya bamba la prosesa, au rejeta ya mfumo wa kupoza kwa maji. Feni yenye msukumo mdogo ikikutana na vizuizi hivyo, upepo wake hupungua sana hata kama tarakimu ya CFM ilikuwa ya kuvutia.

Kampuni ya Noctua ya Austria, iliyoanzishwa mwaka 2005, ni mfano mzuri kwa kuwa huchapisha vipimo vyote viwili. Feni yake ya NF-S12A PWM ya milimita 120 husukuma mita 107.5 za ujazo kwa saa kwa desibeli 17.8, lakini msukumo wake ni mmH2O 1.19 pekee. Hiyo hufaa kutoa hewa nyuma ya kasha, mahali pasipo na kizuizi kikubwa.

NF-F12 PWM ya kampuni iyo hiyo husukuma hewa kidogo zaidi, mita 93.4 za ujazo, lakini msukumo wake ni 2.61, zaidi ya maradufu. Hiyo hufaa kwenye mapezi ya prosesa au kwenye rejeta. Anayetaka feni moja ya kazi zote anaweza kutazama NF-A12x25 ya mwaka 2018, yenye mita 102.1 za ujazo, msukumo wa 2.34 na desibeli 22.6. Pengo kati ya ncha za mapanga yake na fremu ni nusu milimita tu, jambo linalopunguza hewa inayovuja na kurudi nyuma.

Feni hizo si za bei rahisi. Kwa mwenye bajeti ndogo, P12 PWM ya kampuni ya Arctic imejipatia sifa kwa kuwa na msukumo wa mmH2O 2.2 kwa bei ya chini mno ikilinganishwa na washindani wake. Noctua yenyewe huuza feni za daraja la Redux zisizo na mapambo mengi kwa bei nafuu. Kampuni ya be quiet! ya Ujerumani nayo inajulikana kwa feni zake za Silent Wings.

Desibeli zinavyopotosha

Kipimo cha desibeli hakipandi kama bei ya unga. Ongezeko la desibeli kumi husikika na binadamu kama kelele iliyoongezeka maradufu. Kwa hivyo feni ya desibeli 35 haijaizidi ile ya desibeli 25 kidogo tu. Sikioni huwa kama kelele zake ni mara mbili.

Tahadhari nyingine ni kwamba watengenezaji hawapimi kwa njia moja. Wengine hupima kwa umbali mfupi, wengine kwa umbali mrefu, na wengine hutumia kipimo tofauti kiitwacho soni. Kulinganisha desibeli za kampuni moja na za nyingine ni kama kulinganisha gunia la debe mbili na la debe tatu. Tarakimu hizo zina manufaa zaidi zinapolinganishwa kati ya feni za mtengenezaji mmoja.

Aidha, aina ya sauti ina uzito wake. Mvumo laini wa upepo husahaulika baada ya dakika chache, ilhali mlio mwembamba au mkwaruzo huudhi hata ukiwa wa chini. Sauti ya namna hiyo mara nyingi husababishwa na beringi mbovu, skrubu iliyolegea, au wavu wa chuma uliokaribiana mno na mapanga. Vishikio vya mpira badala ya skrubu huzuia mtetemo kuingia katika bati la kasha.

Beringi ndiyo roho

Aina ya beringi ndiyo huamua feni itadumu muda gani. Beringi ya bomba la kawaida ndiyo ya bei ya chini kabisa na huwa tulivu ikiwa mpya. Hata hivyo, mafuta yake hukauka mapema, hasa feni ikilazwa kwa mlalo au ikiwa mahali penye joto jingi. Baada ya hapo huanza kukwaruza.

Beringi ya gololi huhimili joto na huweza kulazwa upande wowote. Kasoro yake ni kwamba huwa na mlio kidogo tangu mwanzo. Beringi ya mafuta yenye mgandamizo, ambayo kwenye kasha huandikwa FDB, huunganisha utulivu wa ile ya kwanza na maisha marefu ya ile ya pili. Hiyo ndiyo inayopendekezwa kwa anayeweza kuimudu.

Watengenezaji hutaja wastani wa saa, kwa mfano saa 150,000, ambazo ni sawa na miaka 17 mfululizo. Hiyo ni hesabu ya wastani, wala si ahadi kwa feni moja. Ahadi ni dhamana. Kampuni inayotoa dhamana ya miaka sita inaiamini feni yake kuliko inayotoa mwaka mmoja.

Pini tatu au nne?

Feni za kisasa za kasha hutumia volti 12 na huunganishwa kwenye ubao mama kwa pini tatu au nne. Ile ya pini tatu hudhibitiwa kasi kwa kupunguziwa volti. Ile ya pini nne, iitwayo PWM, hupata volti kamili huku pini ya nne ikileta amri ya kasi. Feni ya PWM huweza kushuka hadi kasi ya chini sana bila kukwama.

Plagi ya pini tatu huingia katika tundu la pini nne bila tatizo. Lakini mtumiaji asipobadilisha mpangilio kwenye BIOS ili tundu hilo lidhibiti volti, feni itazunguka kwa kasi yake yote daima. Wengi wamerudisha feni nzuri dukani kwa sababu ya kosa hilo dogo.

Ni katika BIOS pia ambamo mtumiaji huweza kupanga kasi ifuate joto. Mathalani, feni inaweza kuamriwa izunguke kwa asilimia 30 prosesa ikiwa chini ya nyuzi 45, asilimia 50 ikifika nyuzi 65, na kasi yote ikikaribia nyuzi 85. Palipo na nafasi ya kuchelewesha mabadiliko kwa sekunde chache, itumiwe, ili feni isipande na kushuka kila ukurasa wa intaneti unapofunguliwa.

Tundu moja la ubao mama kwa kawaida huhimili ampea moja, yaani wati 12. Feni ya kawaida hutumia ampea 0.1 hadi 0.2, hivyo feni tatu zinaweza kugawana tundu moja kwa waya wa matawi. Kibandiko kilicho katikati ya feni kisomwe kwanza, kwani zipo zinazotumia zaidi.

Mpangilio wa hewa

Hewa moto hupanda juu, lakini ndani ya kompyuta feni ndizo zinazoamua njia. Mpangilio uliozoeleka ni kuingiza hewa kupitia mbele na kuitoa nyuma na juu. Feni nyingi huwa na mshale ubavuni unaoonyesha upepo unakoelekea. Pasipo mshale, upepo kwa kawaida hutokea upande wenye vyuma vinavyoshikilia mota.

Katika nchi yenye vumbi, ni vyema hewa inayoingia iwe nyingi kuliko inayotoka, kwa mfano feni mbili mbele na moja nyuma. Kwa njia hiyo hewa hulazimika kuingilia kwenye machujio pekee, badala ya kufyonzwa kupitia kila ufa wa kasha pamoja na vumbi lake.

Machujio nayo yasafishwe. Kando ya barabara za vumbi, huenda yakahitaji kuoshwa kila mwezi wakati wa kiangazi. Kandokando ya Ziwa Victoria, makundi ya wadudu wadogo wa ziwani huweza kuyaziba. Katika Pwani, chumvi iliyo hewani hula chuma, hivyo kompyuta isiwekwe mbele ya dirisha linalotazama bahari.

Mashine za mitumba

Kompyuta nyingi katika ofisi ndogo na shule nchini Kenya ni zile zilizotumika ng'ambo kabla ya kuletwa, maarufu kama 'ex-UK'. Wenye mashine hizo wawe waangalifu. Baadhi ya kompyuta za ofisi za Dell na HP hutumia plagi za pini tano au sita, au pini nne zilizopangwa tofauti na desturi. Feni ya kawaida haitaingia, au ikiingia mashine italalamika kila inapowashwa kwamba haioni feni yake. Suluhisho ni kutafuta nambari iliyo kwenye kibandiko cha feni ya zamani na kununua inayolingana nayo.

Suala la bidhaa ghushi pia halifai kupuuzwa, licha ya kuwapo kwa sheria ya kupambana nazo tangu mwaka 2008. Feni ghushi aghalabu huwa nyepesi kuliko halisi, kibandiko chake hakina volti wala ampea, na mapanga yake yakisukumwa kwa kidole hukwama haraka au hutikisika. Muuzaji asiyekubali kuiwasha feni mbele ya mnunuzi aachwe na feni yake.

Kwa muhtasari, anayetaka utulivu asafishe kwanza, apime joto kwa programu ya bure kama vile HWiNFO, kisha apime nafasi iliyopo kwenye kasha. Achague feni kubwa inayoweza kuenea, yenye pini nne na beringi ya FDB, ya msukumo mkubwa panapo kizuizi na ya upepo mwingi palipo wazi. Mwisho aipunguzie kasi hadi joto na kelele vipatane.

Fedha zikiwa chache, feni ya kwanza kubadilishwa iwe ile inayokwaruza. Beringi ikishaanza kufa haiponi, na wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Feni hugharimu sehemu ndogo tu ya bei ya prosesa inayoilinda, sembuse kazi iliyohifadhiwa ndani ya mashine nzima.